Mita iliyojifunga yenyewe

Usiku wa 16 Machi 2022, saa tano na dakika 36 hapa Sendai, Japani, tetemeko lilipiga, vikombe vyote vikaporomoka kabatini. Asubuhi jiko likagoma kuwaka. Nikadhani bili, kumbe mita ya nje ilihisi tetemeko ikafunga gesi yenyewe. Bibi jirani akanicheka, kisha akanielekeza: zima majiko yote, fungua kifuniko cha kitufe kwenye mita, bonyeza kitufe mpaka mwisho, achia. Taa nyekundu ikaanza kumemeta. Dakika 3 hugusi kitu, maana mita inapima kama kuna bomba linalovuja. Mimi wa Tanga, niliyezoea mtungi na povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, nilisimama na ndala kwenye baridi nikihesabu. Taa ikazimika. Nikabandika chai.