Opera yangu ya chumbani, wiki ya tisa: ule mstari wa mikono umekaa

Haya, kwa waliokua wanauliza mradi umefika wapi, huu mchezo wangu mdogo wa kuimbwa. Onyesho la pili la hadithi limeisha, waimbaji bado ni wanne na wapigaji watano, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi, fidla, akodioni na ngoma ya dumbak. Mazoezi ni palepale kwa ndugu yangu Kibokoni, Mombasa, chumba cha juu chenye dari ya boriti, na hakuna maikrofoni hata moja. Hilo silibadilishi.

Hadithi ni ya dada anayechora hina na kijana anayepuliza rangi matatu, wamependana, kodi hawana. Mbegu niliitoa kwa La bohème, opera ya Puccini, ilichezwa mara ya kwanza Torino 1896, wale wasanii wa Paris wanaoishi juu darini na njaa yao, msichana aitwaye Mimi anafuma maua na mapenzi yanaanza mshairi Rodolfo akiushika mkono wake kwenye giza ukiwa wa baridi. Nami nikaona basi, mkono! Mji huu mkono wa mwanamke unasema kila kitu, na wazee wetu walikua wanasema hina ni ya mke wa mtu. Kwahivyo dada wangu anapamba mabibi harusi Mji wa Kale mzima, anaficha herufi ya bwana harusi ndani ya maua, na yeye hajapakwa hata tone. Anaimba:

Wenzangu nimewapamba, yangu mikono mitupu

Silabi nane kwa nane, mizani kama ya kina Muyaka, washairi wetu wa zamani. Kwenye karatasi iko sawa kabisa, lakini ikiimbwa inauma masikio na wiki mbili sikujua kwa nini, nikabadilisha maqam (mpangilio wa sauti wa Kiarabu), nikapunguza mwendo, wapi. Juzi jioni stima zikapotea tukaendelea gizani na udi peke yake, ndo nikasikia. Noti ndefu nilikua nimeiweka kwenye "mi", inatoka MIIIkono, na Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, miKOno, miTUpu. Yaani wimbo ulikua unaivunja lugha. Nikasogeza, "mi" ikawa fupi kabla ya pigo, "ko" ikaangukia dum, lile pigo zito la dumbak, na dada akaimba tena bila kubadilisha kitu chengine. Wallahi chumba kizima kilinyamaza, mpiga kanuni akatoa vidole kwenye nyuzi akawa anasikiliza tu.

Sasa narudi ukurasa wa kwanza napigia kila neno mstari chini ya mkazo, kazi ya usiku mwingi lakini nafanya kwa raha.

Kitu chengine nimeamua, nyimbo zibaki mashairi, ila ugomvi nimeutoa kwenye mizani. Watu wawili wanaogombana juu ya kodi hawawezi kungojana mpaka silabi ya kumi na sita, inakua kama wanasoma risala. Hapo wanaimba kwa mwendo wa kuongea, udi chini yao unadonoa nyuzi mbili tatu, na mmoja anamkata mwenzake katikati ya neno, "si nilikwambi—" "hukunambia!" Inachoma.

Kanuni bado inamezwa na akodioni. Ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, lakini ni pole, haishindani. Nimemuhamisha akodioni akae mlangoni kwenye ngazi.

Alhamisi tunaanza onyesho la tatu, la feri Likoni, kijana yuko ng'ambo na mkononi ana rangi ya matatu haijakauka, na ndiyo atakayomchorea nayo.