Alitembea

Siku ya Mashujaa imepita, send-off ya mdogo wangu imekwisha salama, barua ya uhamisho wa Sumbawanga imefika hatimaye, na mimi bado nimekwama kwenye swali la mtoto.

Tulikuwa sebuleni kwa Mama, Musoma. Kwenye televisheni viongozi walikuwa wakiweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mtoto wa dada, yule aliyeingia kidato cha kwanza, akauliza bila hata kugeuza shingo:

"Bibi, yule babu aliyekufa Uganda aliua wangapi?"

Mama alikuwa anachambua mchele. "Alitembea."

"Kutembea tu?"

"Alitembea."

Wakaishia hapo. Mtoto akarudi kwenye gwaride, Mama akarudi kwenye mchele wake, mimi moyo ukabaki unawaka. Nilimkasirikia mtoto, kisha nikamkasirikia Mama. Kaka yako wa kuzaliwa naye, ndiyo umpe neno moja? Tangu siku ile namjibu yule mtoto kimoyomoyo. Namjibu kwenye daladala, namjibu nikisahihisha madaftari.

Namwambia hivi. Mjomba alikuwa na miaka 21, mgambo wa kijiji, majeshi ya nduli Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwanzoni mwa Novemba kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, kijiji kizima kilikuwa kimeizunguka redio ya mwenyekiti, na Mjomba hakusubiri kuitwa mara mbili. Alipofika Kagera, daraja la Kyaka lilikuwa limekwisha kulipuliwa. Wakavushwa mto. Januari wakawa Mutukula, na kutoka hapo hadi Masaka ni kama kilomita 90 kwa barabara. Askari wa miguu anakwenda kwa miguu, mwanangu. Bunduki begani, risasi kiunoni, chakula mgongoni, usiku unalala pale ulipoambiwa simama.

Masaka ilichukuliwa mwishoni mwa Februari. Mbele yake kuna Lukaya, ambako barabara ya Kampala inapita katikati ya kinamasi. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, ambayo wengi wao walikuwa mgambo wa juzijuzi kama yeye, ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin kwa vifaru na makombora. Vijana wetu wakatawanyika gizani. Mwenzake aliyerudi hai ndiye aliyemsimulia bibi yangu, mama yake Mjomba: Mjomba naye alikimbia, akaingia kinamasini mpaka maji yakamfika kifuani. Kulipokucha wakaitwa wajipange upya, wakarudi kushambulia kutoka kusini huku Brigedi ya 208 ikitokea upande mwingine. Mjomba akarudi nao. Akafa asubuhi hiyo, tarehe 11. Kampala ilianguka mwezi mmoja kamili baadaye, 11 Aprili.

Kwangu mimi utumishi wake wote umo katika kule kurudi. Aliua wangapi sijui wala sitaki kujua. Najua alitoka majini akiwa ameshaona kinachomsubiri, akapanda tena barabarani.

Basi nikawa nimejiandaa kumweleza mtoto haya yote Jumapili, nimkalishe chini. Sikupata nafasi. Nilimkuta jikoni, amejikunja kwenye kigoda karibu na Bibi yake.

"Bibi, alivaa viatu namba ngapi?"

Mama akacheka! Kicheko kile cha zamani, cha kabla Baba hajatuacha. Akasema Mjomba alikuwa na miguu mipana kama kasia, shule alikwenda peku, na buti za jeshi ndizo viatu vyake vya kwanza vipya. Katika barua pekee aliyoandika kutoka Kagera hakuomba kitu ila soksi. Mama yao akauza kuku wawili, soksi zikanunuliwa, zikatumwa kwa askari mmoja aliyekuwa anarudi kikosini.

"Rangi gani?"

"Kijani. Bibi yako mkubwa alisema kijani zitafichika porini."

Mtoto akataka kujua kama zilifika. Mama akasema hakuna aliyerudi na jibu. Wakaendelea hivyo, swali kwa jibu, mpaka dagaa wakaungua, na mimi nimesimama mlangoni na furaha imenijaa hata nikashindwa kuingia. Nataka niwapeleke wote wawili Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya askari wa vita ile. Tupande meli Mwanza mpaka Bukoba, Mama alione ziwa kabla jicho halijafunga kabisa.

Na hilo jicho sasa. Daktari amesema mtoto wa jicho la kushoto atolewe Septemba, na Septemba nitakuwa nimesharipoti Sumbawanga. Dada ana zamu za usiku, bwana harusi mtarajiwa bado tunamwonea aibu. Matone ni mara nne kwa siku. Nani atamtia?