Pampu Iliyozibwa na Jiwe

Upepo wa Hellisheiði, kwenye kituo cha umeme wa jotoardhi nchini Aislandi, ulininyang'anya mlango wa gari mkononi. Kutoka Reykjavík si mbali, lakini kwa bei za Aislandi hata kikombe cha kahawa hukifikiria mara mbili. Siku zangu za mjini naziruka, maana kilichonipeleka Hellisheiði ni visima vya kuzika kaboni dioksaidi ardhini igeuke jiwe.

Visima vyenyewe vimefunikwa vibanda vidogo vyenye umbo la nusu duara. Mvuke wa jotoardhi huja na kaboni dioksaidi na ile gesi inayonuka yai bovu. Kituoni, gesi hizo hupandishwa ndani ya mnara huku maji baridi yakimwagwa kutoka juu kwa shinikizo, zikayeyuka humo kama kwenye chupa ya soda. Tani moja ya kaboni dioksaidi huhitaji maji tani 25 hivi. Maji yaliyobeba gesi ni mazito kuliko maji matupu, kwa hiyo huzama yenyewe yakishateremshwa kisimani. Kwa kuwa ni makali kama tindikali, huula basalti, mwamba mweusi wa volkano, na kutoa kalsiamu, magnesiamu na chuma, navyo huikamata kaboni ikawa jiwe. Ukali huohuo hula pia bomba la chuma cha kawaida, na anayebana gharama kwenye mabomba atayabadilisha mapema.

Kilichonishika zaidi ni habari ya pampu. Mwaka 2012, watafiti wa Aislandi, Ufaransa na Marekani waliteremsha tani 175 za kaboni dioksaidi, wakaitia alama ya kaboni-14, aina adimu ya kaboni yenye mnururisho, ili waitambue popote itakapotokea. Wengi walidhani itachukua miaka mingi sana kugeuka jiwe. Kwenye kisima cha uchunguzi, kemikali nyingine za kufuatilia zilizotiwa pamoja nayo zilifika, lakini kaboni nyingi haikuonekana. Mwaka 2013 pampu ya kuchotea sampuli ikagoma. Ilipovutwa juu ilikuwa imevikwa kalsaiti, madini yanayoshika kaboni na kalsiamu, na kalsaiti hiyo ilikuwa na alama ileile. Matokeo yalichapishwa 2016: zaidi ya asilimia 95 ilikuwa imeshakuwa jiwe katika muda usiofika miaka miwili. Nilikishika kipande cha mwamba wa namna hiyo, cheusi chenye vitundu vilivyojaa weupe, na sikutaka kukirudisha.

Ukubwa wa kazi usimdanganye mtu. Kwa miaka kadhaa kituo hiki kilizika tani 12,000 hivi kwa mwaka, na dunia hutoa zaidi ya bilioni 35. Kupunguza uchomaji wa mafuta na makaa bado ndiko kazi kubwa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiiwaza Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa jotoardhi vya Kenya. Wahandisi wa Kenya wamesomea jotoardhi Aislandi kwa miongo kadhaa, na mvuke wa Olkaria huleta gesi hizohizo. Ila mbinu hii haibebwi nzimanzima. Miamba ya juu kule Olkaria ni rayolaiti, mwamba wa volkano wenye kalsiamu kidogo. Basalti iko chini zaidi, kwa matabaka, na lazima kisima kiifikie. Maji nayo yanagombaniwa, na Ziwa Naivasha halina ya ziada. Maji ya chumvi yanayobaki mvuke ukishatengwa yana silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, ambayo huganda bombani yanapopoa. Hellisheiði huoshea gesi kwa maji ya mvuke uliopozwa. Olkaria maji hayo huenda kwenye minara ya kupoozea, na mengi hupaa. Yanayobaki ndiyo ningeyapima kwanza, kabla hata ya kuchagua pa kuchoronga.