Plagi juu ya kitabu cha bajeti

Juni imerudi na nyumbani kwetu hakukaliki. Mpwa wangu ameshaandika bango lake la maandamano ya kumbukumbu ya tarehe 25, ameliegemeza kwenye friji, na kila anayetaka maji baridi lazima alisome kwanza. Jumapili asubuhi, tukiwa kwenye mbaazi na mahamri, akaniuliza bila hata kuinua macho kwenye simu: "Shangazi, kwani nyinyi enzi zenu mlikuwa mmelala?"

Mamake akamkanya. Mimi nikacheka, lakini hamri halikupita vizuri. Watoto hawa waliusoma Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, ule wa kuongeza kodi, kwenye simu, kifungu kwa kifungu, wakafafanuliana, wakaingia barabarani, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hautii sahihi. Aliyeyaona hayo akiwa ndio kwanza amepata kitambulisho ana haki ya kudhani dunia ilianza wiki ile. Nilitaka kumwambia habari ya plagi, ila alikuwa akienda kukutana na wenzake. Basi nawaambia nyinyi.

Mwaka ni 2016, Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, siku ambazo Liwatoni haikuwa na daraja la kuelea na sote tulikuwa watumwa wa feri. Mimi nilikuwa bado kijana wa Katiba. Kifungu cha 260 kinasema kijana ni aliyefika miaka 18 na hajatimiza 35. Ukiamka siku ya kutimiza 35 ushakuwa mtu mzima, shauri yako. Kundi letu lilikaa maskani nyuma ya duka la mafuta ya taa: wavuvi kadhaa, wasichana wawili wa chuo, fundi cherehani mmoja asiyenyamaza, na mimi niliyebebeshwa uandishi kwa sababu nilikuwa na kalamu.

Tulitaka kitu kimoja tu. Chuo cha ufundi cha pale kwetu kilikuwa na cherehani na meza za useremala, basi. Ilhali nusu ya vijana wa kiume wa mtaa walikuwa wakila kutoka baharini. Babu zao waliridhika na ngalawa na tanga ndani ya mwamba, lakini samaki wa karibu wamepungua, lazima uvuke mwamba, na kuvuka mwamba kusi ikivuma kwataka injini. Injini ikizima, inabebwa begani hadi kivukoni, inavushwa kwa feri hadi kisiwani, fundi anasema bei anayojisikia kusema, na boti inakaa mchangani huku watu wakihesabu madeni. Tukasema: kifundishwe chuoni, ufundi wa injini za boti. Karakana ndogo, mwalimu mmoja, injini kuukuu mbili tatu za kufunguliwa na kufungwa. Hatukuomba mwezi.

Mwalimu mmoja mstaafu, Mungu amrehemu, alitufunza kusoma kitabu cha bajeti. Alitukalisha chini na kutuonyesha kwamba kurasa za mwanzo ni za kukuchosha tu. Nenda kwenye majedwali. Matumizi ya kawaida huku, maendeleo huku, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti ya kaunti kwa muda wa kati. Makadirio yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, yapitishwe kabla ya Julai kuingia. "Kwa hiyo mwezi wenu ni Mei," akatuambia. "Mkija Julai mmekuja kwenye matanga." Akatutolea nakala yake ya Katiba, kitabu kidogo alichokivika gazeti, akatia alama ya karatasi kwenye Jedwali la Nne.

Notisi ya kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti ilibandikwa Ijumaa, kikao Jumatatu. Ndivyo ilivyokuwa, na nasikia ndivyo ilivyo.

Ukumbi siutaji, wala wadi. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha na bati lilikuwa linatoa mvuke. Viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wengi mbele, wazee kando ya dirisha kwenye upepo, na mlangoni karatasi ya mahudhurio ambayo ilikuwa na msongamano kuliko meza ya maoni, kwa sababu ilisemekana kutakuwa na nauli. Siwalaumu. Mtu aliyeacha genge lake asubuhi nzima kuja kusikiliza asilimia anastahili hata sabuni.

Meza kuu ilikuwa na maofisa watatu. Wa katikati ndiye aliyekuwa na kitabu chenyewe, nakala moja nene ambayo sisi hatukupewa; tulikuwa na kurasa chache tulizotoa fotokopi kwa mchango. Akasoma kwa Kiingereza, mwenzake akafasiri nusu. Maji, barabara, taa za mtaani. Mama mmoja akauliza habari ya choo cha soko akajibiwa kwamba ombi limechukuliwa. Mzee akauliza makaburi. Limechukuliwa pia. Kila kitu kilikuwa kinachukuliwa, na mimi kutoka nilipoketi niliiona kalamu ya yule bwana ikiwa na kifuniko chake.

Nikapewa maiki. Dakika mbili. Maiki ilikuwa inapiga mluzi ukiisogeza mdomoni na kunyamaza ukiitoa, kwa hiyo nikawa naongea kama mtu anayepuliza uji. Nikasalimu, nikasema sisi ni vijana wa hapa, na kabla sijafika kwenye chuo, uso wa yule afisa ukafunguka kwa tabasamu. "Vijana tumewafikiria sana," akasema. "Kuna jezi, kuna mipira, na ligi ya wadi inakuja." Ukumbi ukapiga makofi. Hata wenzangu wawili walipiga, wachezaji wale.

Nikasema hatukuja kwa mpira, tumekuja kwa injini. Nikaeleza. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, taratibu, kama anayemtuliza mtoto, kwamba mambo ya mafunzo ya ufundi ni ya serikali kuu na tungepaswa kupeleka ombi Nairobi.

Hapo ndipo nilipofungua kitabu cha mwalimu. Mikono ilikuwa inatoka jasho na ile karatasi ya alama ilianguka, nikawa natafuta ukurasa mbele ya watu, kimya, feni inazunguka, mtu nyuma anakohoa. Nakisikia bado kile kikohozi. Kutoka dirishani mzee mmoja, mvuvi wa zamani ambaye sikuwa nimezungumza naye hata siku moja, akasema: "Usiharakishwe, mwanangu. Soma kwa sauti." Nikaupata. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kazi za serikali za kaunti: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji. Nikasoma mara mbili. Na juu yake kidogo, kwenye kilimo, uvuvi. Vyote viwili viko kwenye ukurasa wao.

Afisa akasema, "Sawa, limechukuliwa." Kifuniko hakikutoka.

Nilikuwa naketi, nimeshakubali yaishe, nilipoona mmoja wa wavuvi wetu ameinuka. Kijana mkimya, maskani akikaa hata chai humwagiwa kwa kusahauliwa. Hakuomba maiki. Akapita katikati ya viti hadi meza kuu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa plagi ya injini, akaiweka juu ya kitabu cha bajeti kilichokuwa wazi. Plagi nyeusi kwa masizi, ncha imelika, bado ina mafuta.

"Hii ilikufa tukiwa nje ya mwamba," akasema. "Usiku. Tulikuwa wanne. Tulitweka turubai kama tanga mpaka alfajiri. Plagi ni kitu kidogo, ila hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ni plagi."

Yule bwana akaitazama. Mafuta yalikuwa yanaenea polepole kwenye jedwali, duara la rangi ya chai juu ya tarakimu. Akataka kuiondoa, akasita, nadhani alikuwa anaogopa kuchafua mkono wa shati. Akauliza, na safari hii si kwa sauti ya maiki: "Sasa wewe unataka nini hasa?"

"Nifunzwe kuifungua."

Akavua kifuniko cha kalamu. Akaandika, na akaandika muda mrefu kuliko urefu wa jibu lile. Akauliza injini za nguvu ngapi, akajibiwa kumi na tano na arubaini. Akauliza boti ngapi zina injini hapa, na hapo ikawa soko, kila mzee wa dirishani ana hesabu yake. Mwenzake akamgusa saa. Kijana wetu akaomba plagi yake arudishiwe.

Yaliyofuata nayapitisha mbio kwa sababu yalipita mbio. Tulipeleka maoni ya maandishi, tukagongewa muhuri wa kupokewa kwenye nakala yetu, kama mwalimu alivyotuusia. Bajeti ikapitishwa. Kundi letu likaitafuta karakana kwenye majedwali, mstari kwa mstari, kwa tochi ya simu. Haikuwamo. Jezi zilikuwamo, na kusema kweli zilikuja, za buluu, nzuri, na yule mkimya akachezea beki wa kulia nazo misimu mingi. Mwaka uliofuata tukaomba tena, na baadaye chuo kikapata kozi ya pikipiki, jambo ambalo wengine maskani waliliita ushindi na wengine wakaliita matusi. Fundi cherehani anasema mpaka leo kwamba injini ni injini. Kijana mwenyewe hakungoja. Alikwenda kukaa miguuni mwa fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale, akabeba spana bure hadi akajua. Sasa ana banda lake kando ya bahari, na bei zake, wanasema wateja, ni zile zile za kujisikia.

Na yule afisa? Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye juu ya feri, jioni, watu wamebanana kama dagaa. Yeye ndiye aliyenijua. "Ile Katiba yako yenye gazeti bado unatembea nayo?" Nikamwambia mwenyewe amefariki na kitabu kimebaki kwangu. Akatikisa kichwa. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema karakana aliitia kwenye bajeti. Aliitia kwa mkono wake, na ukurasa wenye doa la mafuta anao bado, lakini ikakatwa kwenye meza nyingine ambayo yeye hakuwa na kiti. "Mngekuja na wanawake wa samaki," akasema. "Wale hawakatwi."

Huenda ni kweli. Huenda ni maneno ya mtu aliyebanwa na shahidi mahali pasipo mlango. Nilikuwa na maswali: ilikatwa na nani, kwa hesabu gani, kwa nini hakutuambia Juni ile ile wakati bado tungeweza kwenda kupiga kelele. Ila feri ilifika, watu wakasukuma, nikaona fulana yake ikienda juu kwenye mteremko wa kivuko, na mpaka leo sijaamua kama nilipaswa kumshukuru au kumdai.