Hakujitokeza

Jumamosi tulikuwa benki, mimi na kitinda mimba wangu, tukingoja zamu. Spika ikaita nambari, mtu akanyanyuka, ikaita nyingine. Binti yangu akaniuliza, "Mama, na kama husikii, utajuaje umeitwa?"

Nilimwonyesha skrini iliyo ukutani. Akaridhika, akarudi kuhesabu vigae vya sakafu. Mimi nilikuwa nimesharudi kwenye benchi la bluu la hospitali yetu, Julai 2018.

Mnakumbuka sisi wauguzi tulivyotoka kwenye ule mgomo wetu wa miezi mitano wa 2017. Tulikuwa tumechoka, na wagonjwa walikuwa wametuchoka. Kwa hiyo wakubwa walipoleta mashine ya tiketi, niliipokea kwa mikono miwili. Tulipelekwa Naivasha siku tatu kufundishwa, nikachaguliwa kuwa balozi wa mabadiliko wa idara yetu, nikapewa na beji. Nataka ieleweke kwamba niliiamini kazi ile. Niliwaonea huruma watu waliokuwa wakifika saa kumi na moja alfajiri kushika foleni.

Kabla ya mashine, foleni yetu ilikuwa mikononi mwa mzee wa mlangoni na vipande vyake vya kadibodi, alivyoviandika nambari kwa kalamu nzito na kuvifunika selotepu visilowe. Malalamiko yalikuwapo. Kuna waliosema watu wa kwao hutangulia, na sidhani wote walikuwa waongo. Lakini mzee yule alijua nani ana kadibodi ipi. Asiyeona alimshika kiwiko hadi mlangoni kwa daktari. Wa kiti cha magurudumu alimpitisha nyuma, kwa sababu mteremko wa mbele ulikuwa mkali mno. Asiyesikia alimgusa bega.

Kwenye kikao cha mwisho kabla mashine haijawashwa, aliinua mkono. "Sista, na wale wangu wasiosikia?"

Mwezeshaji akasema ni swali zuri. Akaliandika kwenye kikaratasi cha manjano, akakibandika ukutani chini ya maneno TUTARUDI HAPA. Hatukurudi. Mwenye jukumu la kuandaa kikao kilichofuata nilikuwa mimi. Tena huko Naivasha tulikuwa tumefundishwa kuorodhesha wafanyakazi wanaopinga mabadiliko, na jina la mzee nililiandika kwa mkono wangu. Wiki iliyofuata akahamishiwa lango la magari.

Basi ikawa Alhamisi ya wiki ya tatu, siku ya kliniki ya plasta. Hawa ni watoto waliozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Mguu hunyooshwa kidogo, ukafungwa plasta, na kila wiki plasta hutolewa, mguu ukasogezwa tena kidogo, ukafungwa upya. Wengi huhitaji wiki tano, sita hivi. Usipofika, kile kilichonyooshwa huanza kurudi kilikotoka. Akina mama tulikuwa tukiwaambia wailoweshe plasta asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, ili itoke bila kumsumbua mtoto.

Saa nane kasorobo mchana nilipita ukumbini na mafaili. Kwenye benchi la bluu alikaa mama mmoja kijana, mtoto mapajani, mguu wa kushoto umezungushiwa taulo bichi na juu yake karatasi ya mkate iliyofungwa kwa mpira. Nilikuwa nimemwona hapo saa mbili asubuhi nilipokuwa nikiwaonyesha watu mahali pa kubonyeza. Nikamwona tena saa nne. Zamani ningemwuliza. Sasa nilijua aliye kwenye foleni ataitwa.

"Mama, bado hujaitwa?"

Hakunijibu. Macho yake yalikuwa mkononi mwa mwanamume aliyekuwa akinyanyuka kando yake. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya tangu asubuhi: kila mtu aliposimama, alichungulia tiketi yake ajue wamefikia wapi. Kwa kadibodi za mzee hesabu hiyo ingemfikisha, maana baada ya 12 ilikuja 13. Mashine yetu iliita kwa vyumba. Baada ya C012 iliita A031, kisha B040, kisha C013. Hakuna jicho ambalo lingeifuata.

Nikamgusa bega. Akageuka upesi, akanipa tiketi. A047. Ilikuwa imelowa jasho, na wino ulikuwa umefifia pale kidole gumba kilipokaa asubuhi nzima. Akagusa sikio lake, akatikisa kiganja. Kisha akaufungua ule mpira, akaondoa karatasi ya mkate, akafunua taulo. Alitaka nione. Plasta aliyoilowesha alfajiri huko Kayole, kama tulivyomwelekeza, ilikuwa imekauka tena, ngumu kama jiwe, na ukingo wake uliolainika kwanza ulikuwa umemeguka na kumchubua mtoto paja. Chini, vidole vitano vidogo vilichomoza. Mtoto akavichezesha. Mama akanitazama usoni, akingoja niseme kitu, nami sikujua hata ishara ya kuomba radhi.

Nilikwenda kaunta na ile tiketi. Karani akabonyeza, akasoma. "Sista, huyu ameitwa mara tatu. Hakujitokeza. Mfumo umemfunga."

Benchi lile lilikuwa hatua sita kutoka kwenye spika.

Fundi wa plasta alikuwa ameshavua aproni. Akaivaa tena, Mungu ambariki. Mzee nikamwita kutoka langoni, akaja na beseni la maji ya uvuguvugu, na alipomwona yule mama mikono yake ikaanza kuzungumza. Sijui alijifunzia wapi. Mama akajibu, haraka haraka, uso wote umefunguka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anacheka. Mimi nilishika beseni.

Mwisho wa mwezi ripoti ikaonyesha muda wa kusubiri umepungua. Haikuwa uongo. Ila walioandikwa "hakujitokeza" hawakuingizwa kwenye hesabu, kwa hiyo saa sita za mama yule hazikumwongezea mtu yeyote hata dakika moja. Niliisoma ripoti hiyo mbele ya wakubwa. Karatasini nilikuwa na sentensi moja juu ya A047. Sikuisoma.

Skrini tulikuja kupata, baada ya kuandika barua nyingi, na mzee akarudishiwa Alhamisi zake. Kumbe hatukuhitaji kubuni lolote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwepo tangu 2003, na Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano. Naivasha hakuna aliyezitaja, nikiwemo mimi. Sensa ya 2019 ilipotoa hesabu yake, asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu, nilimfikiria mtoto yule. Kwa umri wake, wala hakuwa ndani ya hesabu hiyo.

Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa ilipotoka NHIF kuingia SHA, niliuliza kwenye kikao cha kwanza ni nani kati ya wagonjwa wetu wenye ulemavu amealikwa kukaa nasi. Hakukuwa na aliyealikwa. Sijui kama kuuliza kwangu kunatosha. Mzee naye aliuliza.

Alhamisi iliyofuata ile nilisimama mlangoni kumngoja mama wa A047. Hakuja. Wala iliyofuata. Kwenye faili kulikuwa na nambari ya simu, nikapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga kesho yake, na keshokutwa. Ilikuwa jioni, niko ndani ya matatu, simu ikiwa bado sikioni, nilipotambua kwamba siku tatu nzima nilikuwa nampigia simu mtu asiyesikia. Nikaandika ujumbe palepale. Ukaenda. Jibu halikuja.

Binti yangu ana miaka 8. Mtoto yule naye atakuwa karibu hapo. Kila nikienda Kayole huwa natazama miguu ya watoto wa rika hilo wanapotoka shuleni.