Alama 0.9 si asilimia 90: kutafuta komba kwa kinasa sauti na kompyuta

Ukimulika tochi usiku katika msitu wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, komba atakuonyesha macho mawili yanayong'aa, kisha ataruka. Ni komba yupi? Humo yumo komba wa Zanzibar, na yumo komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, uzito wake gramu 60 hivi, aliyebaki katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, kuanzia uwanda wa Rondo mkoani Lindi hadi msitu wa Zaraninge mkoani Pwani. Mkia wa huyu wa Rondo ni kama brashi ya kuoshea chupa, lakini kuuona vizuri gizani, juu ya mti, ni bahati. Kinachowatenganisha kwa uhakika ni mlio. Wa Zanzibar hurudia pigo mojamoja, wa Rondo hupiga mawilimawili. Wanabiolojia walipoanza kuzigawanya spishi za komba wa ukanda huu, miaka ya 1990, masikio yaliwasaidia kuliko macho.

Mtaalamu mmoja hawezi kukaa katika sehemu 20 za msitu kwa usiku 30. Kinasa sauti kinaweza, na siku hizi kinapatikana kwa bei ambayo mradi mdogo unaimudu. Ndiyo maana kazi hii imewaweka meza moja watu wa wanyama, watu wa kompyuta na watu wa misitu. Ila kunasa sauti ndiyo sehemu nyepesi. Uzito umehamia kwenye njia ndefu iliyopo kati ya faili la sauti na kauli "mnyama huyu yupo hapa", na humo ndimo tafiti nyingi zinamoharibikia.

Tuanze na hesabu, maana kila kitu kinaifuata. Kinasa kinachotumika sana ni AudioMoth, kifaa kidogo kinachoingia kiganjani, chenye maikrofoni moja, nafasi ya betri tatu za AA na kadi ndogo ya kumbukumbu. Kiwango chake cha sampuli, yaani mara ngapi hupima sauti kwa sekunde, kinaanzia kilohezi 8 (mara 8,000) hadi 384. Kanuni ni kwamba utanasa masafa, yaani wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde, hadi nusu ya kiwango ulichochagua. Kilohezi 48 hukupa sauti hadi kilohezi 24, na hiyo inawatosha ndege, vyura, perere na komba. Popo ni habari nyingine. Wengi wao hulia juu ya hapo, hivyo huhitaji kilohezi 192 au zaidi, na faili hunenepa kwa kiasi hichohicho.

Kwa kilohezi 48 na biti 16, sekunde moja ni baiti 96,000, yaani megabaiti 5.76 kwa dakika. Ukirekodi dakika 1 katika kila 5, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 11:30 alfajiri, unapata dakika 132 kwa usiku, sawa na megabaiti 760. Kadi ya gigabaiti 64 itachukua zaidi ya usiku 80. Vinasa 20 kwa usiku 30 vitakuletea gigabaiti 456 na saa 1,320 za sauti. Mtu akisikiliza saa nane kila siku bila kupumzika Jumapili, atamaliza baada ya siku 165. Hapo ndipo unapoiona haja ya kompyuta.

Kadi zinunue kwa muuzaji unayemwamini, na hata hivyo zipime. Madukani kuna kadi zilizoandikwa 64 ambazo ndani zina 8. Zinaendelea kupokea faili huku zikifuta au kuharibu za zamani, na wewe hugundui hadi umerudi kutoka porini. Jaza kila kadi hadi mwisho kwa programu ya kupima kumbukumbu, kisha isome yote. Betri za bei rahisi za zinki na kaboni zisikushawishi, chukua alkalini za aina moja, mpya zote tatu. Faida ya AudioMoth ni kwamba huandika volti ya betri na halijoto ndani ya kichwa cha kila faili la WAV, hivyo ukichora volti kwa tarehe utajua kinasa gani kilidhoofika na usiku gani.

Sasa saa. Hili limevuruga data za watu wengi kuliko mvua, na sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wa ziada. Kinasa kwa kawaida hufuata saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Faili lenye jina 20240312_030000.WAV limeanza saa 12 kamili asubuhi kwetu, wakati ndege wamepamba moto. Asiyejua atasoma 03:00 kwa saa ya simu na kudhani ni saa 9 usiku. Mwingine ataisoma kwa Kiswahili na kuandika saa 3 asubuhi. Watu watatu, faili moja, nyakati tatu. Tena kuna tarehe: mlio wa saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 13 utakuwa kwenye faili la tarehe 12, 22:30. Usiyabadilishe majina ya faili kamwe. Fanya ubadilishaji kwenye jedwali, kwa safu mbili, moja ya UTC na moja ya saa 24 za hapa, na fomu za porini zote ziandikwe kwa saa 24. Kumbuka pia kwamba ukitoa betri, saa ya kinasa hupotea na lazima uiweke upya kwa kompyuta au simu.

Kufunga kinasa mtini si jambo la kuandikia sana. Urefu wa mita 1.5 hadi 2, shina jembamba kwa sababu shina nene huziba sauti ya upande wa nyuma, majani yanayogusa kifuko yakatwe maana kila upepo yatasugua na kuzalisha kelele, na pakiti ya silika ndani kwa ajili ya unyevu. Kiwango cha ukuzaji wa sauti kiwe cha kati. Ukikiweka juu kabisa, mnyama wa karibu atakata vilele vya wimbi na umbo la mlio litaharibika. Fundo na kamba ya rangi ya kijani au kahawia huepusha macho ya nyani na ya wapita njia.

Kibali ni jambo zito zaidi. Tanzania utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kwa wanyamapori TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), kisha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ikiwa ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu. Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na wenye dhamana ya eneo husika. Hata ukiwa navyo vyote, nenda kwenye serikali ya kijiji ueleze kifaa kinafanya nini, kwa sababu kitanasa pia maongezi ya wanaookota kuni. Kiweke mbali na njia, waambie watu kuwa maongezi yakisikika yatafutwa, na uyafute kweli.

Rekodi zikishafika mezani, kompyuta huigeuza sauti kuwa picha iitwayo spektrogramu: muda kwa mlalo, masafa kwa wima, nguvu kwa mng'ao. Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, husoma picha hiyo kama unavyosoma picha nyingine yoyote. Kwa ndege programu inayotumika sana ni BirdNET, iliyotengenezwa na watafiti wa Cornell nchini Marekani na Chuo Kikuu cha Chemnitz nchini Ujerumani. Hukata sauti vipande vya sekunde 3, hutoa alama kati ya 0 na 1 kwa kila spishi, na hufanya kazi kwenye kompyuta ya mezani bila intaneti. Mpe latitudo, longitudo na wiki ya mwaka, naye ataondoa ndege wasiotarajiwa hapo. Angalia tu kwamba yeye huhesabu wiki 48 kwa mwaka, nne kila mwezi, si 52.

Komba hayumo kwa namna ya kukufaa, kwa hiyo itakubidi ufundishe kitambuzi, yaani programu ya kutambua milio, chako mwenyewe. Programu hiyohiyo inaruhusu hilo: unaandaa folda moja kwa kila aina ya mlio, ndani yake vipande vya sekunde 3, nayo hujifunza juu ya maarifa iliyokuwa nayo tayari. Vipande mia kadhaa kwa kila folda ni mwanzo mzuri, lakini idadi hainisumbui sana kuliko utofauti. Vipande 300 vya komba mmoja wa usiku mmoja ni sawa na kipande kimoja kilichonakiliwa. Folda ya "si komba" ndiyo ipewe jasho kubwa zaidi: mvua juu ya majani, nyenje, vyura wa mitini, bundi, bodaboda, adhana, spika za kanisa, na kwa Pugu usisahau honi ya treni. Usipomfundisha kitambuzi kelele za mahali hapo, atazibatiza majina ya wanyama.

Kosa la hapa ni moja na linarudiwa kila mahali. Watu huchanganya vipande vyote, wanatenga asilimia 20 kwa bahati nasibu kwa ajili ya kupima, na wanapata usahihi wa kupendeza. Kumbe kipande cha mafunzo na kipande cha mtihani vimetoka kwa mnyama yuleyule, dakika ileile, nyenje wakilia nyuma yake kwa sauti ileile. Kitambuzi kimejifunza usiku ule. Tenga kwa eneo: vinasa vyote vya sehemu fulani za msitu visiguse mafunzo kabisa, vibaki vya mtihani. Alama zitashuka, na hizo zilizoshuka ndizo za kweli.

Tuje kwenye alama yenyewe. Kitambuzi kikitoa 0.9, hakijasema kuna uwezekano wa asilimia 90 kwamba ni komba wa Rondo. Kimesema picha hii inafanana sana na zile za folda ile, kwa kipimo chake chenyewe, ambacho hutofautiana kati ya spishi na spishi, msitu na msitu. Rudi kwenye hesabu yetu. Dakika 132 kwa usiku ni vipande 2,640. Kwa usiku 30 na vinasa 20 ni vipande 1,584,000. Kitambuzi kizuri sana, kinachokosea kipande kimoja tu katika 1,000, kitakupa milio 1,584 ya uongo. Kama komba wa Rondo hayumo kabisa msituni humo, bado utakuwa na jedwali lenye mistari 1,584 inayosema yumo. Ramani zimewahi kuchorwa juu ya mistari ya namna hiyo, na mpango wa uhifadhi ukajengwa juu ya ramani.

Dawa yake inachukua siku chache. Gawanya matokeo ya spishi moja katika makundi kumi kwa alama, chukua vipande 20 kwa bahati nasibu kutoka kila kundi, ficha alama, kisha wasikilizaji wawili wanaojua milio wasikilize kila mmoja peke yake na kuandika ndiyo, hapana au sijui. Weka majibu kwenye urejeleo wa lojistiki, hesabu inayokadiria uwezekano wa jibu la ndiyo kwa kila alama, alama ikiwa imegeuzwa kwanza kuwa lojiti (logi ya alama ikigawanywa kwa 1 kutoa alama), kwa kuwa alama hizi hurundikana karibu na 0 na 1. Mstari utakaopatikana utakuonyesha ni alama ipi inayolingana na uhakika wa 0.9 kwa spishi hiyo katika msitu huo. Usishangae kizingiti hicho, yaani alama ya chini utakayoikubali, kikiwa 0.35 kwa mmoja na 0.92 kwa mwingine. Wale wanaotangaza kizingiti kimoja kwa spishi zote wamejipunguzia kazi na kuongeza makosa.

Baada ya hapo inabaki kutosikika. Kama mnyama yupo, na nafasi ya kunaswa usiku mmoja ni 0.3, basi usiku mmoja utamkosa mara 7 kati ya 10. Usiku 5 utampata kwa uwezekano wa 0.83, usiku 8 kwa 0.94. Modeli za ukaaji, yaani hesabu za kukadiria mnyama anakaa katika maeneo mangapi, zilizoanza kuenea mwaka 2002, hutumia marudio hayo kutenganisha "hayupo" na "yupo ila hakulia". Lakini toleo lake la msingi linachukulia kwamba hakuna mlio wa uongo hata mmoja. Kiasi kidogo tu cha uongo huvimbisha ukaaji kupita kiasi. Kwa hiyo ama thibitisha kwa sikio angalau mlio mmoja kwa kila eneo unaloliita "yupo", ama tumia modeli inayoruhusu makosa ya aina hiyo waziwazi. Mimi nashauri la kwanza wakati wowote linapowezekana.

Msitu wenyewe nao huingilia. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, na majani hula zaidi masafa ya juu. Kinasa kwenye msitu uliokatwa miti kitasikia mbali kuliko kilichozungukwa na vichaka. Ukilinganisha hesabu za milio bila kujali hilo, utahitimisha kwamba ukataji umeongeza wanyama. Weka kwenye modeli msongamano wa mimea na mvua ya kila usiku. Vivyo hivyo kwa vipimo vya jumla vya "utajiri wa sauti" vinavyotolewa kwa mbofyo mmoja: nyenje wakiamka, kipimo kinapanda, na hakuna ndege aliyeongezeka.

Mwisho wa mradi, hifadhi WAV za awali au zibane kwa FLAC, isiyopoteza kitu. Usitumie MP3, kwa sababu hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halitambui zikikosekana lakini kitambuzi kinazihitaji. Vipande vilivyokataliwa na wasikilizaji vihifadhi pamoja na vilivyokubaliwa, kila kimoja na alama yake, jina la kinasa na saa ya UTC, na folda hiyo iwe ya kwanza kuingia katika mafunzo ya msimu ujao.