Wavu ukilala majini

Swali limenikaa kichwani wiki nzima: samaki asiyekusudiwa ni yupi hasa, kwenye mashua ambayo karibu kila kinachopanda kina mnunuzi?

Kwa meli kubwa jibu ni jepesi. Meli inakokota wavu chini kutafuta kamba, na kisicho kamba kinarudishwa baharini, kingi kikiwa kimeshakufa. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa mavuo yanayotupwa baharini duniani ni tani milioni 9 hivi kwa mwaka, karibu nusu yake yakitoka kwenye nyavu za kukokota chini. Mvuvi mdogo hana ubavu wa kutupa hivyo. Papa mchanga, nyenga (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani), kaa aliyekatika mguu, vyote vina pa kwenda. Kwa hiyo ukimuuliza atakujibu kwa moyo mweupe kwamba kwake hakuna kinachopotea.

Jibu hilo silikubali, ingawa namwelewa anayelitoa. Samaki akishauzwa hatuulizi tena kama tulimfuata yeye au alijiingiza tu, na asiyeulizwa haandikwi popote.

Juzi alfajiri nilikuwa mashuani jarife likivutwa. Jarife ni wavu wa kutega wenye macho, yaani matundu, makubwa; linategewa papa na samaki wenzake wakubwa. Linashushwa jioni, linaachwa lilale, asubuhi linafuatwa. Pima za mwanzo za wavu zilipanda tupu. Kisha akaja nyenga jike, amejiviringisha mpaka wavu umekuwa kamba nene iliyomzunguka, mkia na mwiba wake ukiwa ndani ya fundo. Nahodha aliushika mkia kwa koleo, mimi nikakata nyuzi upande wa mdomo. Tukiwa katikati ya kazi hiyo, nyenga akaanza kuzaa. Kitoto cha kwanza kilitoka kimejikunja, mabawa yamekunjiwa mgongoni, kikajifungua taratibu kwenye ubao wenye maji. Cha pili kilifuata kikiwa bado na mfuko wa kiini tumboni.

"Hawa hawaishi, mwanangu," nahodha alisema. "Siku zao zilikuwa bado."

Nilikuja kusoma kwamba jambo hili linajulikana sana kwa nyenga na jamii yake: jike akinaswa na kuhangaika huweza kuviachia vitoto kabla ya wakati. Hawa hawatagi mayai maelfu kama samaki wengine. Wanabeba mimba kwa miezi, wanazaa wachache, tena baada ya kuchelewa kukomaa. Mizani ikipima mavuo, inapima jike mmoja. Vitoto havimo, kwa sababu tulivirudisha majini vikazama.

Wapo wengine ambao hata bila mimba hawana muda wa kusubiri asubuhi. Kasa, nguva na pomboo wanavuta hewa kama sisi. Kasa akipumzika anaweza kukaa chini saa kadhaa, lakini akipapatika wavuni hewa humwishia upesi mno. Papa wa aina ya kichwa nyundo naye, japo anapumua majini, ni dhaifu ajabu akishanaswa; wengi hufa hata wakikatiwa wavu na kuachiwa. Nikilijua hilo, kumwita mnyama wa namna hiyo ajali kunaanza kunikaa vibaya. Tunapoutega wavu jioni tunajua ni nani atakayefika asubuhi akiwa hai na ni nani hatafika. Hatujui tu kama atapita.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Meksiko, kwenye sehemu ya juu ya Ghuba ya California. Anaishi huko mnyama mdogo jamaa ya pomboo, vaquita, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa kama 570. Leo waliobaki ni kama kumi. Hana soko, hana adui aliyemwinda. Anayetafutwa ni totoaba, samaki mkubwa ambaye kibofu chake cha hewa kinalipwa fedha nyingi Uchina, na nyavu zinazomnasa totoaba zina macho yanayomtosha vaquita pia. Zinategwa na watu wenye boti ndogo. Siandiki haya kuwashutumu. Fedha za namna ile zingemvuta yeyote. Nayaandika kwa sababu ukubwa wa mashua umekuwa kisingizio chetu cha kila siku, na pale haukumsaidia vaquita kitu.

Na si lazima mnyama awe anavuta hewa. Silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka mpaka alipopanda na wavu Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa Tanzania mwaka 2003, wengi wao kwenye majarife ya Tanga. Nyama yake ina mafuta mengi, hailiki vizuri. Waliomvua walikuwa wakitafuta papa, ila nyavu zao zilikuwa zimeshushwa kwenye miteremko yenye kina kirefu ambako silikanti huishi. Wavu uliteremka, naye akaonekana. Hifadhi ya bahari ilitengwa huko mwaka 2009 kwa ajili yake.

Kwa hiyo mimi kusudio sasa nalitafuta kwenye kutega: kina gani, macho ya ukubwa gani, na zaidi ya yote, saa ngapi. Hilo la saa ndilo nadhani linaongelewa kidogo kuliko yote. Mafunzo mengi huanzia mwisho, mnyama akishafika mashuani. Chukua kasa aliyezirai. Maelekezo ni kwamba usimrudishe majini mara moja, maana atazama. Umlaze kifudifudi, sehemu ya nyuma iinuliwe sentimita 15 au zaidi ili maji yatoke mapafuni, umfunike kitambaa chenye unyevu na usubiri, pengine kutwa nzima. Maelekezo ni sahihi kabisa. Aliyeyaandika nadhani alikuwa na meli akilini. Kwenye mashua ya watu watatu, wavu uliolowa umejaa hadi kwenye mbavu, kasa wa kilo mia anakwenda wapi?

Kuna jaribio moja lililonipa matumaini, nalo pia ni la Meksiko. Watafiti walifunga taa ndogo za kijani kwenye nyavu za kutega za wavuvi wadogo wa Baja California, wakalinganisha na nyavu zisizo na taa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2022, mavuo ya kutupwa yalipungua kwa asilimia 63 kwa uzito. Papa, nyenga na jamaa zao walipungua kwa asilimia 95. Samaki waliotafutwa hawakupungua kwa kiasi cha kutajika. Kilichonivutia ni kingine kabisa: muda wa kuvuta na kunasua wavu ulipungua kwa asilimia 57. Kumbe hiyo ndiyo lugha ya mashuani. Mtu aliyekaa nusu siku akikata nyuzi kumtoa nyenga, halafu akakaa siku mbili akishona tundu lake, hahitaji mahubiri ya kumpenda nyenga.

Nilimsomea nahodha takwimu hizo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na betri, nani atanunua?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia basi tuanze na kisichohitaji betri: wavu usilale mpaka asubuhi, ufuatwe usiku.

"Mzee kama mimi nikalale juu ya maji?"

"Si wewe mzee wangu, vijana."

"Na mafuta ya safari ya pili?"

Ana haki. Kufuata wavu mara mbili ni kazi mara mbili, na kama hutakwenda mara ya pili inabidi ukae baharini na baridi yote ile. Hakuna wa kumlipa kwa kasa aliyemwachia akiwa mzima. Tulibishana mpaka nyavu zikaisha kupangwa, tukakubaliana kujaribu maji mafu yajayo, mkondo ukiwa mpole: jarife ligawanywe vipande viwili, kimoja kivutwe usiku wa manane na kingine kiachwe kama kawaida. Kila kipande nitaandika kilichopanda kikiwa hai na kilichopanda kimekufa. Daftari yeye amesema nije nalo mwenyewe.